Kwa nini tulifungua pikipiki ambayo iko mpya

Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Baraka. Wengi ambao hawakufika waliomba yaandikwe, na wafadhili wetu pia waliuliza. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.

 

Tunaanza na lile neno ambalo kila mtu analo moyoni. Pikipiki ya chama ilifika. Mliiona ikishushwa, kiti chake bado kina plastiki, na wengine mlipiga vigelegele. Kesho yake mlipita ofisini mkakuta gurudumu la nyuma liko chini, tangi limetolewa, vyuma vimepangwa juu ya shiti la zamani. Mzee mmoja alisimama mlangoni akatuuliza: "Ile piki iko mpya, munaifungua juu ya nini?" Tulimjibu haraka haraka, tena vibaya, mikono imejaa grisi. Akaenda zake. Jioni ile neno lilikuwa limeshafika sokoni: watu wa ofisi wanatoa vyuma vizuri, wanaweka vya zamani, vizuri wanauza.

Hatukukasirika. Nusu ya pesa ya pikipiki hii ilitoka kwenye michango yenu. Kuna mama aliyeleta sehemu yake imefungwa kwenye kona ya kitenge, noti ndogo ndogo, tukazihesabu pamoja naye mpaka zikatimia. Mtu aliyetoa pesa namna ile ana haki ya kuuliza vyuma vyake viko wapi. Kosa lilikuwa letu, tulianza kazi kabla ya kuwaeleza. Leo tunaeleza yote, na mwisho tutawaomba jambo moja.

Ile ya kwanza

Mnaikumbuka pikipiki ya kwanza. Nayo ilikuja mpya. Tuliipanda siku ileile, tukaikimbiza mpaka Fizi na kurudi, na kila mtu alitaka kuijaribu. Kiangazi cha kwanza ilipiga kazi vizuri. Mvua za pili hazikuikuta. Fundi alipofungua injini alituonyesha silinda imekwaruzika kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Vumbi lilikuwa limeingia kupitia chujio la hewa ambalo hakuna aliyelifua tangu siku ya kununua. Oili ilikuwa ileile ya kiwandani, nyeusi, tena imebaki kidogo. Cheni ililegea mpaka ikala meno ya sproketi, au pinyo kama tunavyosema huku. Hakuna aliyeiiba, hakuna aliyeigonga. Iliuawa na mambo madogo, na kila moja lingetengenezwa kwa dola chache.

Halafu ukaja usiku ule ambao wengi wenu mnaujua kuliko sisi. Mama mmoja alishikwa na uchungu kule juu, akaletwa kwa kipoyi, wanaume wakipokezana mabegani mpaka kukakucha. Mama alifika, akaishi. Mtoto hakuishi. Hatusemi kwamba pikipiki ingemwokoa. Hilo anajua Mungu, na njia ile usiku ni ngumu hata kwa piki nzima. Tunasema tu kwamba usiku ule pikipiki ya chama ilikuwepo, chini ya paa, ina rangi yake na plaki yake, na haikuweza kutoka. Baadhi yenu mliobeba kipoyi mlipita mbele yake.

Kwa hiyo ya pili ilipokuja, tulikubaliana kwamba haitagusa barabara mpaka iwe tayari. Na pikipiki kutoka dukani haiko tayari. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye kiwanda hakimjui, kwa njia ambayo kiwanda hakijaiona.

Kuchagua

Wafadhili walituuliza kwa nini hatukuchukua enduro kubwa, ile yenye nguvu, inayoonekana kwenye picha ikiruka milima. Ni swali zuri, na vijana pia waliliuliza kwa macho yanayong'aa.

Piki za njia mbaya ziko jamii mbili. Jamii ya kwanza ni za mashindano, kama KTM EXC. Ni nyepesi, shokamzoba zake ndefu, nguvu yake ni kali. Lakini soma kitabu chake: matunzo yake yanahesabiwa kwa saa za injini. Mara nyingi baada ya saa 15 au 20 za kazi unatakiwa kubadilisha oili. Mtu wa mashindano anatembea Jumapili moja, analala, fundi wake anafungua. Sisi saa 15 tunazimaliza katika siku tatu za kuzunguka vikundi. Na kipuri chake utakipata wapi? Si Baraka, wala Uvira.

Jamii ya pili ni za kazi. Yamaha AG200, kwa mfano, ilitengenezwa kwa ajili ya wafugaji wa Australia na New Zealand. Ina kifuniko cha cheni, keria mbele na nyuma, na kiki kwa siku ambayo betri imekufa. Wengine mnakumbuka Yamaha DT125 za mashirika, zile za mipigo miwili. Hizi haziendi mbio sana, lakini zinarudi nyumbani.

Sisi tulichukua ya jamii ya pili. Hatutaji kampuni, maana hili si tangazo la duka. Injini ni ya mipigo minne, ndogo, inapozwa na hewa, kwa hiyo hakuna rejeta ya kutobolewa na jiwe. Ina kabureta ambayo fundi wa hapa anaweza kuifungua kwa bisibisi. Ina kiki. Gurudumu la mbele ni kubwa, inchi 21, linapanda juu ya mawe na mizizi badala ya kuanguka katikati yake. Gurudumu la nyuma ni inchi 18.

Kuna sababu nyingine ambayo tunaisema taratibu. Pikipiki yenye rangi kali na sauti kubwa inavuta macho, na ninyi mnajua kwamba kwenye njia zetu si kila jicho ni la rafiki. Tulitaka piki ambayo haimshtui mtu.

Siku ya kununua hatukuangalia rangi kwanza. Tuliangalia namba ya shasi, ile iliyogongwa kwenye chuma cha shingo chini ya usukani, na namba ya injini, tukazilinganisha na fakture, herufi kwa herufi. Namba moja ikikosewa kwenye karatasi, karte rose inakuwa tabu, na kila barriere inakuwa maelezo marefu. Karte rose, plaki, asiransi na vinyeti, vyote viko kwenye faili ofisini. Mwanachama yeyote anaweza kuomba kuviona.

Tulichokifungua, na tulichokikuta

Sasa tujibu lile swali la mlangoni.

Tulifungua ekseli za magurudumu mawili, mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, viungo vinavyobeba shokamzoba ya nyuma, na bearing za shingo. Tulikuta nini? Grisi kidogo, kama ya kupaka midomo. Hili si jambo la kampuni moja tu, mafundi wengi wanalijua: piki mpya mara nyingi inatoka kiwandani na grisi haba. Kwenye lami inatosha. Kwetu, piki inaingia mtoni maji yakiwa juu ya ekseli, halafu inakauka na vumbi. Bearing isiyo na grisi inashika kutu kabla hata masika hayajaisha. Tulipaka grisi kila kiungo, tukarudisha vyuma vilevile mahali pake. Kazi hiyo ilichukua siku mbili, na ndiyo ile mliyoiona juu ya shiti.

Tulikaza spoku. Spoku za gurudumu jipya zinalegea katika kilomita mia chache za kwanza, zinapokaa vizuri kwenye matundu yake. Unazigonga moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti iliyokufa. Unakaza kidogo kidogo, robo mzunguko tu, ukizunguka gurudumu lote. Ukikaza moja kwa nguvu, rimu inapinda.

Tulibadilisha sproketi ya mbele, ya meno 15 tukaweka ya meno 14. Hapa ndipo neno la "wanabadilisha vyuma" lilipopata miguu, na ni kweli, hiki kimoja tulikibadilisha. Jino moja likipungua mbele, piki inapoteza karibu asilimia 7 ya mbio zake katika kila gia, lakini inapata nguvu ya kuvuta taratibu. Kutoka hapa ziwani, kwenye mita karibu 770, tunapanda milima ya Fizi, na huko kwenye Hauts Plateaux kuna sehemu zinazopita mita 2,000. Kwenye kilima chenye utelezi, na mzigo nyuma, unahitaji gia ya kwanza inayotembea kama mtu anavyotembea kwa miguu. Bila hivyo dereva anachezesha klachi muda wote, na klachi inaungua. Ile sproketi ya meno 15 ipo. Iko kwenye sanduku la vipuri, imefungwa kwenye karatasi yenye tarehe. Atakaye na aje aishike.

Na vitu tulivyoongeza ni hivi. Bamba la chuma chini ya injini, maana jiwe moja chini ya injini linatoboa, oili yote inamwagika, na hapo safari imekwisha. Vikinga mikono kwenye usukani. Waya wa pili wa klachi, mpya, tumeupitisha pembeni ya ule wa kwanza na kuufunga kwa tepu. Wa kwanza ukikatika njiani, dereva anaunganisha ncha mbili tu. Kile kipande kinachoshika mkono wa breki na wa klachi hatukukikaza mpaka mwisho. Piki ikianguka, kinazunguka, mkono hauvunjiki. Piki ya njia mbaya itaanguka, hilo tusidanganyane. Tunachotafuta ni ianguke, iinuke, iendelee.

Kuiweka sawa na mtu na mzigo

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni shokamzoba. Piki ikitoka dukani, springi ya nyuma imewekwa kwa mtu mmoja ambaye kiwanda kilimkadiria. Dereva wetu ana kilo zake, juu yake kuna mfuko wa mbegu au mtu.

Kupima ni rahisi, inahitaji watu watatu na mita ya fundi cherehani. Kwanza inua piki, gurudumu la nyuma liwe hewani. Pima kutoka ekseli ya nyuma kwenda juu, mpaka alama uliyoweka kwenye bodi. Halafu shusha piki. Dereva akae na nguo zake za kazi, kofia na mzigo wake wa kawaida, mtu mmoja ashike usukani, wa tatu apime tena. Tofauti ya vipimo viwili inapaswa kuwa karibu theluthi moja ya safari yote ya shokamzoba. Kama gurudumu lina milimita 200 za kupanda na kushuka, mzigo ule ushushe piki milimita 60 au 70 hivi.

Yetu ilishuka zaidi ya 90. Maana yake nini? Nyuma imekaa chini, mbele imekuwa nyepesi, taa inamulika miti, usukani unayumba kwenye mchanga. Na ukigonga shimo, shokamzoba inafika mwisho, pigo lote linaenda kwenye mgongo wa mtu. Kama aliye nyuma ni mama mjamzito, mnaelewa wenyewe. Tulikaza nati ya springi mpaka tukafika 68. Tuliandika kipimo hicho kwenye kaye.

Cheni nayo inaenda pamoja na jambo hili. Wengi tunapenda cheni ikaze kama uzi wa gitaa, tunaona ndiyo nzuri. Lakini mzigo ukikaa, mkono wa nyuma unapanda, na cheni inazidi kukaza. Ukiikaza mtu akiwa chini, siku ya mzigo inavuta bearing mpaka ziharibike, au inakatika. Kwa piki ya namna hii acha icheze kadiri kitabu chake kinavyosema, na ipimwe pale inapokaza zaidi, kwa kuzungusha gurudumu polepole.

Tairi: kwenye tope, dereva akiwa peke yake, tunashusha upepo mpaka kilo 1.2 hivi, tairi ishike ardhi. Kwenye mawe na mzigo tunapandisha kupita kilo 1.6, kwa sababu upepo ukiwa mdogo jiwe linaibana tyubu dhidi ya rimu na kuikata matundu mawili, kama imeumwa na nyoka. Kwa hiyo pampu ya mkono inatembea na piki kila siku. Tunabeba tyubu moja tu ya akiba, ya inchi 21. Kwa shida, hiyo inaingia hata kwenye gurudumu la nyuma mpaka ufike nyumbani. Ile ya 18 haiwezi kwenda mbele.

Mafuta, oili na rodaje

Hapa tucheke kidogo. Sisi ni chama cha watu waliorudi. Wengi mmerudi kwa meli kutoka Kigoma kuanzia mwaka 2005, mkitoka Nyarugusu au Lugufu, na Kiswahili chenu kina vitu vya kule. Aliyelelewa Tanzania ukimwambia "petroli" anajua ni mafuta ya piki. Aliyebaki huku ukimwambia "petrole" anajua ni mafuta ya taa. Hata "moto" wa huku ni pikipiki, wa kule unaunguza. Kwa moto tunacheka tu, lakini kwa petroli injini inakufa. Kwa hiyo juu ya tangi tumeandika ESANSI, herufi kubwa, nyeupe. Msiifute.

Esansi ya chupa, ile ya kadafi wa kando ya barabara, tunainunua kwa sababu mara nyingi hakuna nyingine. Lakini haimiminwi moja kwa moja. Iache kwanza kwenye chupa nyeupe, itulie. Maji ni mazito kuliko esansi, yanakaa chini, utayaona yamejitenga. Mimina ya juu kwa kupitisha kwenye kitambaa safi, ya chini iache.

Oili ya injini: ya gari usiweke, hata ikiwa ghali. Kwenye piki kama hii klachi inaogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingi za gari zina dawa ya kulainisha inayofanya klachi iteleze. Kwenye chupa tafuta herufi JASO MA. Usipoziona, rudisha dukani.

Na rodaje. Kilomita 1,000 za kwanza, gesi haifunguliwi mpaka mwisho. Dereva hakai kwenye mwendo mmoja muda mrefu, anapandisha na kushusha. Hapandi kilima kwa gia kubwa injini ikilia kwa uchungu. Asubuhi anaacha injini ipate joto kabla ya kuondoka. Vyuma vipya vinajifunza kukaa pamoja, na vinasagana kidogo. Tulipofanya vidanje ya kwanza kwenye kilomita 500, oili ilitoka inametameta kama ina unga wa fedha. Huo unga ni chuma. Ungebaki ndani, ungeendelea kusaga. Kwenye kilomita 1,000 tulifanya nyingine, na kumeta kulikuwa kumepungua sana. Ndiyo maana tuliwaambia "bado" mlipotaka ipelekwe Lulimba wiki ya kwanza. Tunajua baadhi yenu mliudhika.

Chujio la hewa ndilo lililoua ile ya kwanza. Hili ni la sponji. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, njia ikiwa unga mwekundu, linafuliwa kila wiki: kwanza kwa mafuta ya taa, halafu kwa maji na sabuni, likauke kivulini, lilowekwe oili yake, likamuliwe, lirudi. Kamwe lisifuliwe kwa esansi, inakula gundi yake, na inaweza kulipuka mikononi mwa mtu. Kazi yote ni nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo tofauti kati ya piki ya miezi kumi na piki ya miaka.

Huko Lesotho, miaka ya 1990, shirika moja la Uingereza lililoitwa Riders for Health lilifanya kazi na wahudumu wa afya juu ya wazo hilihili: mhudumu afundishwe kuitunza piki kila siku kabla haijaharibika, si kusubiri iharibike. Wazo lao si geni kwetu. Mkulima hanoi jembe siku ya kuvuna.

Nani anaipanda

Madereva ni wawili tu, mwanaume mmoja na mama mmoja, mliowachagua ninyi. Wote wana permi. Tulipokuwa tunaweka usukani, tuliuinua na kuusogeza mbele kidogo ili dereva aweze kusimama kwenye vikanyagio bila kuinama, maana njia mbaya inapitwa umesimama, magoti yakifanya kazi ya shokamzoba. Mama yetu ni mfupi kuliko mwenzake. Tulitafuta mahali panapowafaa wote wawili, tukapapata kwa kubishana.

Piki haibebi mtu mwenye silaha, awe nani. Haibebi bia ya harusi. Haiazimwi na mwenyekiti, haiazimwi na sisi, haiazimwi na kiongozi yeyote anayepita. Mgonjwa na mama wa uchungu wanapewa nafasi ya kwanza, hata kama kuna mkutano wa wafadhili. Wafadhili wetu, tunaamini mtatusamehe.

Kila asubuhi dereva anaangalia vitu vitano kabla ya kupiga kiki: esansi, oili, cheni, nati na spoku, breki. Anaandika kwenye kaye na kutia sahihi. Kaye inakaa dirishani, si kwenye kabati. Anayepita anaweza kuisoma.

Tunachowaomba

Tulipoleta hesabu ya ununuzi, mliona kuna sehemu ya pesa haikwenda kwenye piki yenyewe. Ilikwenda kwenye bamba, vikinga mikono, sproketi, waya, tyubu, grisi, oili, kofia mbili na spana. Wengine walisema ni nyingi. Tunakubali ni nyingi. Lakini pesa hiyo ilikuwa ya kuanza tu, na hapa ndipo tunapowaomba.

Wafadhili walitoa nusu ya kununua. Hakuna mfadhili anayependa kulipia chujio la hewa, na hatuwalaumu, maana chujio halipigwi picha. Sisi tunaomba mkutano huu ukubali sanduku dogo la piki, lenye funguo mbili kwa watu wawili tofauti. Kila safari inayolipiwa, sehemu iwekwe humo kabla ya kununua kitu kingine chochote. Mgonjwa asiye na kitu halipi, kikundi chake kitamjazia baadaye kadiri kinavyoweza. Kiasi mpange ninyi wenyewe, sisi hatutapiga kura. Mkikubali, piki hii itaishi hata siku mradi utakapokwisha na sisi tukapelekwa kwingine. Mkikataa, tutaendelea kuitunza, lakini tunawaambia wazi kwamba tutakuwa tunaihesabia siku.

Jumamosi asubuhi tutafungua tena gurudumu la nyuma, mbele ya ofisi, nje, mbele ya watu wote. Kijana anayetaka kujifunza aje na nguo za kuchafua. Na yule mzee aliyetuuliza mlangoni, kama yuko hapa ndani, tunamwomba radhi. Tutamwekea kiti karibu. Safari hii atatuuliza maswali yote, na tutajibu mikono ikiwa safi.

 Sasa tuko tayari kwa maswali.

Nyongeza ya karatasi: mkutano ulijadili mpaka saa kumi jioni. Sanduku lilikubaliwa. Funguo moja iko kwa mweka hazina, ya pili iko kwa mama wa kitenge. Mzee alikuja Jumamosi, akakaa mpaka mwisho, akasema spoku tatu bado hazilii vizuri. Tulizigonga tena. Alikuwa na haki.